Nilisema Imekufa

Mwaka 2005 nilikuwa fundi kompyuta Bukoba mjini, kwenye duka dogo la stesheneri karibu na stendi ya mabasi. Tulichapa barua, tulitoa fotokopi, na zaidi ya yote tulichoma CD. Miaka ile kila kilichokuwa kwenye kaseti kilikuwa kinahamia kwenye CD: harusi, mahubiri, kwaya, mazishi. CD moja ilibeba MB 700, au dakika 80 za muziki, na watu waliiamini kama wanavyoamini sanduku la chuma.

Lalamiko lilikuwa lile lile kila wiki: "Ya dukani inasoma, hii ya kuchoma haisomi." Na mimi jibu langu lilikuwa moja: imekufa. Mzee mmoja kutoka Nshamba nilimpa jibu hilo nikiwa nimeshageukia mteja mwingine. Hakubishana. Aliishika CD yake kwa mikono miwili, akaikunja mpaka ikapasuka, vipande akavitia kwenye mfuko wa koti, akaniaga vizuri. Sikumuuliza ilikuwa na nini.

Wiki chache baadaye, masika yamekolea, aliingia mwalimu mstaafu, mama wa huko Kamachumu, viatu vimejaa tope jekundu. CD yake ilikuwa imefungwa ndani ya kitambaa cha kichwa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Waitu, wawili wameshaniambia imekufa. Wewe ni wa tatu, lakini iangalie kwanza, halafu ndiyo useme."

Akanieleza. Binti yake alikuwa akiimba kwenye kwaya ya parokia, akafariki 2003. Ndugu yao wa Mwanza alikuwa na kaseti ya kwaya ile, akazihamisha nyimbo kwenye CD na kuituma kwa meli ya MV Victoria. Kaseti yenyewe baadaye ilirekodiwa juu yake kitu kingine.

Aliyekulia Kagera hahitaji kuelezwa uzito wa sauti moja iliyobaki. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa mkoani kwetu mwaka 1983, na kufikia miaka ninayoisimulia ilikuwa shida kupata kibanja kisicho na makaburi mapya kati ya migomba. Picha watu walikuwa nazo. Sauti, wachache sana.

Niliigeuza CD chini ya taa ya mezani. Hilo peke yake nilikuwa sijawahi kulifanya kwa uangalifu. Upande wa chini ulikuwa wa kijani kilichofifia, na kuanzia katikati kwenda nje kulikuwa na mkanda uliokoza rangi, upana wa kidole, unaoishia kwenye mstari mkali kama wino ulivyokomea kwenye karatasi. Basi kitu kiliandikwa. CD tupu haina mkanda ule.

Niliiweka kwenye draivu ya kawaida ya kusomea. Ikazunguka, ikapunguza mwendo, ikazunguka tena, ikaniambia niingize CD. Hapo ndipo siku zote nilipokuwa nikisema imekufa. Safari hii nilimwangalia yule mama, nikaitoa, nikaiweka kwenye draivu ya kuchomea, ambayo tulikuwa tukiitunza kwa kuwa ilikuwa ghali. Programu ya kuchomea ikaonyesha: nyimbo nane, CD haijafungwa.

Ngoja nieleze. Draivu ya kusomea hutafuta kwanza orodha ya yaliyomo, ambayo huandikwa karibu na kitundu cha katikati pale mchomaji anapofunga kazi yake. Asipofunga, kwa kusahau, kwa haraka, au kwa umeme kukatika dakika ya mwisho, orodha ile haipo. Data yote ipo mahali pake, ila mlango hauna kibao. Draivu ya kuchomea ina njia yake ya kuzijua kazi zilizoachwa wazi, ndiyo maana iliziona nyimbo zile.

Sikuifunga ile ya asili. Niliogopa kuigusa. Nilizinakili nyimbo kwenye diski ya kompyuta kwa programu ya kuokolea data, moja baada ya nyingine, nikizisubiri huku moyo unadunda, kwa sababu umeme wetu uliotoka Uganda ulikuwa na tabia zake. Kisha nikachoma CD mpya na kuifunga. Nikamchezea wimbo wa kwanza. Mama yule aliweka kiganja juu ya spika, akakiacha pale mpaka wimbo ukaisha. "Ni huyo wa pili kuingia," alisema. "Msikilize, anavuta pumzi kabla."

Siku mbili baadaye akarudi. Kwenye kompyuta ya mwanawe, Muleba mjini, CD mpya nayo ilikuwa haisomi.

Nilipanda Hiace asubuhi, Kemondo, Muhutwe, Muleba, draivu ya akiba imeviringishwa kwenye taulo mapajani. Nilikuwa nimebeba CD tatu: moja ya kununua, moja niliyoichoma kwa kasi kubwa, na moja niliyoichoma kwa kasi ndogo. Ya kununua ikasoma vizuri. Ya kasi ndogo ikasoma kwa kusitasita. Ya kasi kubwa ikakataa kabisa. Nilikaa nikazitazama zote tatu, na nadhani ufundi wangu ulianzia kwenye kiti kile.

CD ya kiwandani hugandamizwa: vishimo vyake vimechongwa kwenye plastiki na kufunikwa na alumini, hivyo mwanga wa leza hurudi kwa nguvu. Ya kuchoma haina vishimo. Ina tabaka la rangi ambalo leza huliunguza kwa madoa, na tofauti kati ya doa na pasipo na doa haionekani wazi kama kwenye vishimo. Ile ya kufuta na kuandika upya, CD-RW, ndiyo ngumu zaidi: hurudisha asilimia 15 hadi 25 tu ya mwanga, na draivu nyingi za kabla ya 1997 hazikutengenezwa kuisoma. Kwa hiyo jicho la draivu likianza kupata ukungu, CD za kuchoma ndizo hupotea kwanza. Za dukani huendelea kusoma miezi kadhaa, na mwenye kompyuta anaapa kwamba draivu yake ni nzima.

Nilichukua bisibisi nikaifungua draivu. Lenzi ilikuwa ndogo kuliko punje ya mahindi, na juu yake utando wa vumbi la barabara uliochanganyika na moshi wa jiko la jirani. Nilichovya pamba ya kusafishia masikio kwenye spiriti, nikaigusisha bila kukandamiza, nikazungusha mara moja, nikaiacha ikauke. Pamba ilitoka na rangi ya kahawa.

CD zote tatu zikasoma. Ya mama ikasoma. Kumbe kulikuwa na makosa mawili yaliyofichana, moja Mwanza na jingine Muleba, na kila fundi aliyekutana na mojawapo aliihukumu CD.

Walinipikia ndizi kwa maharage, nikarudi Bukoba na basi la jioni. Sikwenda nyumbani. Chini ya meza dukani kulikuwa na boksi la CD ambazo wateja waliziacha baada ya jibu langu. Zilikuwa 11. Nilizipitisha moja moja kwenye draivu ya kuchomea, hadi usiku wa manane. Saba zilifunguka: harusi mbili, ripoti ya ushirika wa kahawa, mtihani wa shule, picha za mtoto mchanga, mahubiri, na mzee akisimulia ukoo wake kwa Kihaya kwa muda wa saa nzima. Wenyewe nilifanikiwa kuwapata watano.

Yule wa Nshamba nilimtafuta pia. Nilikwenda gulioni kwao mara mbili, nikaulizia koti lake la kijivu na namna alivyoaga. Mara ya pili mwanamke mmoja muuza ndizi akanionyesha njia, nikaifuata mpaka kwenye kibanja chake, nikakuta kaburi ambalo udongo wake ulikuwa haujaota majani. Mjane wake akanikaribisha ndani. Nilipouliza ile CD ilikuwa ya nini, akasema mumewe alimwambia tu kwamba amekwenda mjini kumsikiliza mtoto wao.