Pampu haikodishwi nusu

Leo naandika kosa langu mwenyewe, ili wewe usilirudie.

Mama mmoja wa kijiji ninachohudumia alikuja na ekari 3 na mtaji wa shilingi 1,500,000. Mahindi yalihitaji 300,000 kwa ekari na kumbakizia faida ya 250,000. Vitunguu vilihitaji 900,000 na kubakiza 700,000. Mahindi yanategemea mvua, ila vitunguu vinataka pampu, na kuikodi ni 400,000 kwa msimu.

Niliingiza namba hizo kwenye Excel nikatumia Solver, kifaa kinachotafuta mgawanyo wenye faida kubwa kuliko yote. Hapo ndipo nilipokosea. Niligawa 400,000 kwa ekari 3, nikaandika kila ekari ya vitunguu ibebe 133,333. Jibu likaja: vitunguu ekari 0.8, mahindi 2.2, pampu karibu 107,000, faida kama 1,003,000. Nikachapa karatasi, nikamkabidhi.

Mwenye pampu alimwuliza, "Mama, nikupe mpira bila mashine?" Kitalu kilikuwa kimeshaota, hivyo akakopa laki tatu kwenye kikoba. Hata kama mavuno na bei vingetimia vyote, angebaki na 710,000 kabla ya riba. Mahindi matupu yangempa 750,000 bila deni. Alinipigia simu: "Bwana shamba, karatasi yako imenikopesha."

Kosa lilikuwa hili: pampu ni jambo la "kama, basi". Kama unalima vitunguu, hata robo ekari, basi unalipa 400,000 yote. Usipolima, hulipi kitu.

Nilijaribu fomula ya IF. Kwa macho ni sahihi, lakini njia ya Simplex LP iligoma, maana inataka gharama zinazopanda kwa mstari, na hii inaruka ghafla. Njia nyingine ilinipa majibu tofauti kulingana na namba nilizoanzia.

Dawa ni kisanduku kimoja cha ziada, mimi nakiita swichi. Kwenye masharti ya Solver kipe "bin", kiwe 0 au 1 tu. Gharama ya pampu iwe 400,000 mara swichi, na iingie pia kwenye mtaji. Kisha ongeza sharti: ekari za vitunguu zisizidi 3 mara swichi. Swichi ikiwa 0, vitunguu ni sifuri. Ikiwa 1, unaruhusiwa hadi ekari 3. Programu haitawasha swichi bure, kwa sababu kuiwasha kunakula faida.

Hiyo 3 ni ukubwa wa shamba lote. Usiweke milioni kwa kudhani ni salama zaidi, kama nilivyofanya mara ya kwanza. Programu inaweza kuhesabu swichi ya 0.000001 kuwa ni sifuri, na ukiizidisha kwa milioni unapata ekari nzima ya vitunguu bila pampu.

Kama mnunuzi wako haji kwa chini ya nusu ekari, ongeza kwamba ekari za vitunguu zisipungue 0.5 mara swichi. Wafanyabiashara, nauli ya fuso nayo iko hivyohivyo: gari likiondoka na magunia kumi au likiwa limejaa, unalilipia zima.

Nilirudia hesabu ya yule mama kwa swichi. Kwa mtaji wake: mahindi matupu, 750,000. Angekuwa na 2,500,000: vitunguu ekari 2, mahindi 1, faida 1,250,000 pampu ikiwa imeshalipwa. Na angechangia pampu nusu kwa nusu na jirani, kila mmoja 200,000, mtaji uleule ungetosha vitunguu theluthi mbili ya ekari, mahindi kwenye eneo lililobaki, faida 850,000.

Jirani yake alikodi pampu hiyohiyo msimu ule. Sikuwahi kumwuliza. Sasa ukija ofisini kupanga msimu, swali langu la kwanza ni nani mnapakana naye na anapanda nini.