Buti Lililogoma Bangwe

Shangazi yangu alihiji mwaka 2004, na miongoni mwa alivyorudi navyo ni furushi la bafta aliloliosha kwa maji ya Zamzam na kulianika kwa mikono yake mwenyewe huko Makka. Hii ndiyo sanda yangu, alituambia, kwa utulivu wa mtu anayetaja nguo ya Iddi. Nyumba yake ya Bangwe ilikuwa na mchwa wasiobakisha kitu, basi akaniletea furushi lile Ujiji, nilihifadhi katika sanduku langu la mvule pamoja na daftari za mashairi. Nikalihifadhi.

Katika mwaka wake wa mwisho aliniagiza mara tatu nimpelekee. Mara ya kwanza nilisema wiki ijayo. Mara ya pili nikasingizia mvua. Mara ya tatu nilinyamaza. Kutoka Ujiji hadi Bangwe si safari ya kumshinda mwenye gari, hata likiwa bovu. Ila niliona kwamba kumpelekea mtu sanda yake ilhali yu hai, anacheka na kudai kahawa, ni sawa na kumwambia: haya, nimekubali. Sisi watu wa mashairi tuna ufundi mkubwa wa kuupa uvivu wetu sababu nzuri.

Alifariki alfajiri ya siku moja ya mwaka 2021. Nikalitoa furushi sandukuni, nikapitia dukani kuchukua mchele, sukari na madumu mawili ya mawese kwa ajili ya matanga. Buti la gari langu, gari dogo kuukuu la Kijapani, likajaa pomoni. Furushi nililiweka juu ya vyote, lisichafuke. Nikaubamiza mlango wa buti, haukushika. Nikaubamiza tena, kwa nguvu na kwa hasira isiyouhusu mlango ule. Ukashika.

Bangwe iko kwenye ufuo wa Ziwa Tanganyika, si mbali na bandari ya Kigoma. Siku ikiwa safi, ng'ambo huonekana milima ya Kongo. Nilifika watu wamekwisha kujaa uani. Maziko yalipangwa baada ya sala ya Alasiri, na msomaji wa Unguja akumbuke kwamba kwetu jua huchelewa kwa dakika 40 hivi kuliko kwenu, ingawa saa zetu ni zile zile: Adhuhuri yetu ni saa saba, na Alasiri ni saa kumi na dakika zake. Kwa hivyo nilijiona nina wasaa. Nikatia ufunguo katika kitasa cha buti, nikazungusha. Ulizunguka kama kijiko katika kikombe kitupu. Nikaenda kwenye kile kishikio cha sakafuni, kando ya kiti cha dereva, nikakivuta. Kikaja chote, kilegevu, bila upinzani wowote.

Wanawake walikuwa wameanza kumwosha. Bibi mmoja akatokeza kichwa mlangoni, akauliza: "Mwanangu, sanda iko wapi?" Nikamwambia, inakuja. Ilikuwa hatua kumi kutoka pale aliposimama.

Mtoto wa shangazi, ambaye mimi humwita kaka kwa kuwa amenizidi umri, alikwenda kuazima mtaimbo. Sheikh akamzuia, akanivuta pembeni. "Ndugu yangu, sharia haiulizi kitambaa kimetoka wapi. Inataka kiwe safi na kimsitiri maiti. Mwanamke ni nguo tano. Bafta iko mjini. Usiitese nafsi yako wala gari lako." Alisema haki tupu. Kijana wa pikipiki akapewa fedha, akaondoka mbio kuelekea Kigoma mjini. Mimi nikabaki nimeushika mlango wa buti kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa. Mara tatu alikuwa ameniagiza.

Aliyekuja kunisaidia hakuwa fundi wa magari. Ni kijana anayetengeneza mashine za boti pale ufukweni, mwembamba, mikono imejaa grisi, aliyekuwa amekuja mazikoni kama jirani. "Shikamoo, mzee." Nikaitikia marahaba. Hakuligusa gari. Aliniuliza swali moja: "Mzee, ulilifunga vipi?"

Nimefasiri vitabu kwa zaidi ya miaka 20 bila ya kufundishwa na mtu, na katika muda huo nimejivuna sana mbele ya vijana kwa kiambishi kimoja cha lugha yetu. Kiarabu kina neno lake la kufunga na neno jingine kabisa la kufungua. Kiingereza hali kadhalika. Sisi tunalo moja, tunalipa mkia tu, linageuka: funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua, fumba na fumbua. Hapo hapo Bangwe kina mama huanika dagaa asubuhi na kuwaanua jioni. Nilikuwa nikiyasema hayo kama pambo la lugha. Sikuwahi kuliona jambo lililo wazi, kwamba ndani ya kila fungua kuna funga iliyotangulia, nzima, haijaondoka. Yule kijana alikuwa ananiuliza kuhusu hiyo.

Nikamweleza: mchele, madumu, furushi juu, na kule kubamiza mara mbili. Akatikisa kichwa. "Basi mzigo unausukuma mlango juu. Komeo limebanwa." Akajaribu ufunguo, akajaribu kishikio, akasikiliza. Kisha akanieleza, na mimi nampokea kwa maneno yangu. Komeo la buti ni kidole cha chuma kilichong'ata pete ya chuma. Ufunguo haulifikii komeo wenyewe. Husukuma kifimbo chembamba, kilichoshikwa na kibano cha plastiki, na plastiki ikizeeka hukatika. Kishikio nacho huvuta waya mrefu uliopita chini ya zulia, na waya hushikwa na kutu ukakatika. Huenda ule wa kwangu ulikuwa umebakiza uzi mmoja, nami nikaumaliza. "Komeo halina kosa, mzee. Wajumbe wake ndio wamekufa."

Kiti cha nyuma aliking'oa kwa dakika chache. Sehemu ya kukalia aliinyanyua kutoka mbele, ikaachia. Ya kuegemea ilishikwa na bolti, akazifungua kwa spana namba kumi. Nyuma yake palikuwa na kadibodi, na nyuma ya kadibodi bati lenye matundu. Akapitisha mkono hadi begani, bisibisi ndefu mkononi, taa ya simu katika tundu jingine. Harufu ya udi ikatoka mle gizani. Tulinyamaza wote.

(Baadaye nilisoma kwamba huko Marekani, katika kiangazi cha mwaka 1998, watoto 11 walikufa kwa kujifungia katika mabuti ya magari, na kwamba magari madogo yenye buti yaliyoundwa kwa ajili ya nchi ile tangu Septemba 2001 yanalazimika kuwa na kifaa cha kufungulia kwa ndani, aghalabu kishikio kinachong'aa gizani. Langu halikuwa nacho.)

"Bado limebana," kijana akasema. "Mzee, kaa juu ya buti."

Sikuelewa. Nilitaka mlango uende juu, naye ananitaka niukandamize chini.

"Kaa, mzee. Lifunge zaidi."

Nikakaa, mtu wa makamo, kanzu na kofia, mbele ya ua uliojaa waombolezaji. Kaka akaja akaegemeza uzito wake kando yangu. Mlango ukashuka kidogo mno, labda unene wa ukucha, na pete ikaacha kulivuta komeo. Tukasikia mlio mdogo. "Shukeni," akasema, na tuliposhuka mlango ukainuka wenyewe, taratibu, ukisukumwa na magunia.

Furushi lilikuwa na mkunjo pale lilipobanwa, basi. Nililibeba kwa mikono miwili hadi mlangoni, na yule bibi akalipokea bila ya kuniuliza kitu. Kutoka nje nilisikia kitambaa kikikunjuliwa.

Pikipiki ilirudi nasi tumekwisha kujipanga kwa sala. Baada ya maziko kaka alinifuata garini, ile bafta mpya ikiwa bado katika karatasi ya dukani. "Iweke wewe," akaniambia. "Kwangu bado kuna mchwa." Nilimtazama, hakuwa anatania. Nikaiweka ndani ya buti, na kwa kuwa komeo sikuthubutu kulirudisha, tukaufunga mlango kwa kamba ya nyavu, fundo ambalo kijana wa boti alinionyesha mara mbili namna ya kulifungua.