Bukavu: Kutoa mpira si kumuacha mgonjwa

Katika hospitali nyingi za Bukavu, jamaa ndio wanaolala karibu na mgonjwa, wanampikia, wanamfulia, na wanalipa kila dawa. Kwa hiyo munganga akisema kwamba mpira ulioingizwa ndani ya mshipa mkubwa utolewe, wakati homa haijashuka, mama anayemlinda mtoto wake anashtuka. Mpira umelipwa kwa shida. Anawaza moyoni: hawa wamechoka na mtoto wangu.

Lakini mara nyingine mpira wenyewe ndio unaoleta homa.

Kuna kuvu inayoitwa Candida albicans. Inaishi mdomoni na tumboni mwa watu wengi bila kuwadhuru. Mwili ukidhoofika, inaweza kufika kwenye mpira, ikashika, ikatoa nyuzi na kujifunika kwa utando wenye utelezi. Kila mama anajua utelezi unaoota ndani ya bido ya maji: ukisuuza tu, haubanduki wote. Ndani ya utando huo, dawa kama flukonazoli haina nguvu.

Ubaya mkubwa ni kile kinachotoka hapo. Utando unaachilia chembe mpya, nazo zinafuata damu hadi kwenye figo, ini, macho hata moyo. Utafiti uliotolewa mwaka 2010 ulionyesha kwamba chembe hizo zinashika kwa nguvu kuliko zile za kawaida, na katika panya zilileta ugonjwa mkali zaidi. Dawa inaweza kuua zile zilizo ndani ya damu leo, homa ikashuka. Kesho mpira unaachilia zingine.

Ndiyo sababu waganga wanatoa mpira kila inapowezekana, na dawa inaendelea. Kwa kawaida inahesabiwa siku 14 tangu damu ionekane safi, si tangu homa iishe. Anayekatisha dawa kwa sababu mtoto ameanza kucheza anaweza kuupa ugonjwa nafasi ya kurudi.

Anayelinda mgonjwa naye ana kazi yake: kunawa mikono, kutofungua mahali mipira inapoungana, na kuuliza kila asubuhi bila haya: « Munganga, mpira huu bado una kazi? » Kama hauna tena, pesa iliyoulipa isiwe sababu ya kuuacha mwilini.