Mpiga Picha na Watu Wake

Hapa kwetu Kisesa wapiga picha huwa wengi siku za Bulabo, ngoma za Bujora zinazofuatana na sikukuu ya Mwili wa Kristo, Bagika na Bagalu washindanapo. Wengi hupiga picha, hupokea fedha, wakaenda zao. Mwaka wa pili hatuwaoni tena. Hao wana wanunuzi, lakini watu hawana.

Sisi twamsifu yule aandikaye katika daftari jina la mtu na la kijiji chake, aletaye picha siku ile ile aliyoahidi, kisha akaitunza ya asili. Kazi hiyo ya kutunza haionekani, wala hailipwi upesi. Kule Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Baada yake mwanawe Rohit aliirithi kazi pamoja na picha za asili za baba yake.

Maana mtu akifa, jamaa hutafuta sura yake ya kuweka mbele ya jeneza. Simu imekwisha haribika, na ya kitambulisho ni ndogo mno, tena imefifia. Ndipo wamkimbiliapo yule aliyempiga marehemu picha siku ya ndoa, au ya kipaimara cha mwanawe. Naye hufungua daftari, hutafuta hata usiku, wala hapandishi bei kwa sababu ya msiba.

Matanga yakiisha, vijana wa nyumba ile wakitaka kuoa hawaulizi mpiga picha mwingine.