Uliza Mfuko Unamlipia Nani

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako amenisomea kwa simu orodha yako ya vyuo vya Marekani. Umevipanga kwa ukubwa wa mifuko yao ya wakfu, Harvard juu kabisa na dola zake zaidi ya bilioni 50. Hujakosea kutazama mali ya chuo, lakini orodha hiyo haijakuambia nani atakulipia ada.

Wakfu wa chuo ni kama minazi ya msikiti: huvunwa nazi, mnazi haukatwi. Kwa kawaida vyuo hivyo huchota karibu asilimia 5 kwa mwaka, na nyingi ya fedha hizo zimeshafungwa na masharti ya waliozitoa: hizi za mshahara wa profesa wa fani fulani, hizi za maktaba. Wewe tazama kinachomfikia mwanafunzi, na wanafunzi wenyewe ni wangapi.

Vyuo vya mfumo wa University of Texas vina zaidi ya dola bilioni 40, lakini wanafunzi wake wanazidi 250,000. Berea, chuo kidogo cha Kentucky ambacho hukukiandika, kina zaidi ya bilioni 1 kwa wanafunzi wapatao 1,500. Piga hesabu mwenyewe. Tangu 1892 chuo hiki hakimtozi mwanafunzi yeyote ada ya masomo. Kila mmoja hufanya kazi chuoni angalau saa 10 kwa wiki, na wengi wao wametoka katika nyumba zisizo na uwezo. Nakipenda, sikufichi. Nafasi za wageni ni chache, ila omba.

Tena mali haizuii mambo kubadilika. Cooper Union ya New York inamiliki ardhi iliyo chini ya jengo la Chrysler, na ilisomesha bure vizazi na vizazi; mwaka 2014 ikaanza kutoza ada.

Basi kiandikie kila chuo uulize: mwanafunzi wa kigeni akiomba msaada, nafasi yake ya kupokelewa inapungua? Nikipokelewa, mtaniongezea fedha zote nilizopungukiwa? Kwa ruzuku au kwa mkopo? Princeton iliacha kuwapa wanafunzi mikopo mwaka 2001, ikaweka ruzuku. Harvard haiangalii uwezo wa mgeni wa kulipa inapompokea, kwa hiyo ibaki katika orodha, lakini kwa sababu hiyo, si kwa zile bilioni.

Nitumie majibu yao kabla hujalipa ada ya maombi popote. Vyuo vingi huisamehe ukieleza hali yako.

Mjomba wako