Fundo la Shemeji

Kila familia inapokutana hapa Minneapolis, shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, husimulia jinsi fundo lake lilivyotuponza kule Lake Three. Watu hucheka, na yeye hucheka kuliko wote. Mimi pia hucheka. Lakini fundo lake halikuwa na kosa lolote.

Lake Three iko kaskazini mwa Minnesota, mashariki ya mji wa Ely, ndani ya Boundary Waters, pori lenye maziwa zaidi ya 1,000 linalopakana na Kanada. Sehemu kubwa haina barabara na injini haziruhusiwi. Unapiga kasia; ziwa likiisha unajitwisha mtumbwi mabegani, unakatiza msitu hadi ziwa la pili. Vijia hivyo bado hupimwa kwa rodi, kipimo cha zamani cha takriban mita 5, karibu sawa na urefu wa mtumbwi wenyewe. Kambini utakuta wavu wa chuma wa kupikia na, huko nyuma msituni, choo kisicho na kuta wala paa. Basi. Upande wa kusini moto wa Pagami Creek ulipita mwaka 2011, na misonobari michanga imeota katikati ya magogo meusi.

Mimi ni mtoto wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria. Shemeji amekulia Kinondoni, Dar es Salaam, na safari nzima nilihakikisha hasahau hilo. Nilimsahihisha anavyoshika kasia, anavyokaa, hata anavyoshuka. Tulipofika alivuta mtumbwi hadi juu ya mwamba, akaufunga kwenye mti kwa mizunguko mingi, nikamcheka. Nikamwambia mtumbwi si mbuzi.

Jioni, yeye akiwa hemani, niliufungua nikaenda kuvua. Sikupata kitu. Niliporudi giza limeingia nilipandisha pua yake mwambani, kamba nikaikunja vizuri nikaiweka ndani, nikaenda kulala. Kwetu ingetosha: mtumbwi wa mbao ukishakwama mchangani, unangoja wanaume wa kuusukuma. Huu tuliokodi ulikuwa wa Kevlar, kama kilo 20 hivi, umetengenezwa mwepesi ili ubebeke vijiani. Mtu yeyote aliyeubeba mchana kutwa, kama nilivyoubeba mimi, angejua upepo utaufanya nini.

Usiku upepo ulivuma. Hili sijawahi kumwambia mtu: niliusikia, nikakumbuka kamba, nikajifunika vizuri zaidi.

Asubuhi mwamba ulikuwa mtupu. Shemeji alisimama pale akiushika ule mti, kisha akasema, “Nisamehe kaka, fundo langu limefunguka.” Ningeweza kumjibu kwa sentensi moja. Badala yake nilisema, “Mafundo ya mjini hayo.”

Simu hazikushika mtandao. Mtumbwi tuliuona mbali, umelala ubavu kwenye mawe ya ng’ambo. Akavaa jaketi la kuokolea maisha, akaingia majini. Ilikuwa Septemba, maji ya baridi ya kukata pumzi, na yeye si mwogeleaji. Alikuwa analipa deni langu. Nilimwacha aende hadi maji yakamfika kifuani ndipo nikamwita arudi, na hata hapo nilitaja baridi tu.

Mume na mke waliokuwa wakipita na mtumbwi wao ndio waliotuletea wetu, wakiuvuta nyuma. Kamba ilikuwa bado imekunjwa, imebanwa chini ya kiti cha mbele, kama nilivyoiacha. Yule mama aliitazama, akanitazama. Shemeji alikuwa bado anashuka kutoka kwenye moto aliokuwa akiota. Niliikunjua haraka, nikaitupa majini ilowe.

Majuzi amenunua kamba mpya na kujifunza mafundo, anataka twende tena. Nimemtumia maandishi haya kabla ya kuyatoa. Kuhusu safari, ataamua mwenyewe.