Kwa Baiskeli Kutoka Nachingwea Hadi Ruangwa

Ndugu msomaji, ukikusudia kwenda Ruangwa kwa baiskeli kutoka Nachingwea, ijue nchi kwanza. Waingereza walipanga kulima karanga Nachingwea kwa matrekta bila kuchunguza vyema mvua na udongo. Mwaka 1951 mradi wao ukaachwa kwa hasara kubwa.

Wewe subiri kipupwe, masika yaishe na njia ikauke. Ondoka alfajiri, kwani mbele yako kuna vilima na mwendo wa zaidi ya kilomita 40. Chukua maji, pampu, viraka na gundi. Kilima kikikushinda, shuka usukume, si aibu. Hatari imo katika mteremko: breki mbovu huua. Zikague ungali nyumbani, na umwarifu mwenyeji wako wa Ruangwa saa ya kufika, ili ukichelewa utafutwe.